SOMO LA ROBO MWAKA: Tutoke Nje, Tumkaribishe

Kusikiliza historia ya mama mwingine, na kuipokea ya kwetu



Somo la robo hii limetokana na kosa letu wenyewe. Tuliona ni afadhali tulieleze kosa hilo wazi, kwa sababu kamati nyingi zinafanya kazi kama yetu na zinaweza kuanguka pale pale tulipoanguka. Somo linafaa kwa kamati ya huruma, kwa WAWATA, kwa Jumuiya Ndogo Ndogo na kwa vikundi vya kuweka na kukopa. Litachukua muda wa saa mbili hivi. Kinachohitajika ni Biblia na mahali pa kukaa kwa mviringo.

LENGO LA SOMO

Baada ya somo hili wajumbe waweze:
- kueleza kwa nini kina mama wengi wazee wa Tabora na vijiji vya jirani hawapendi kuulizwa asili yao;
- kuitazama historia ya familia zao wenyewe kabla ya kuuliza ya wengine;
- kuwasaidia kina mama wasio na ukoo wa kuwasemea, bila kuwaaibisha.

1. TULIVYOANZA NA FOMU

Ilikuwa mwezi wa Oktoba, wakati wa joto kali kabla ya mvua. Tulikuwa tunaandaa orodha ya wazee wanaohitaji kutengenezewa paa. Tulibeba fomu iliyokuwa na mistari mingi: jina, umri, kabila, ukoo, baba alikozaliwa, mama alikozaliwa, ndugu wa karibu. Tuliitengeneza wenyewe ofisini na tuliiona ni fomu nzuri.

Katika kijiji kimoja tulimkuta Bibi mmoja, mjane wa miaka themanini hivi, akipepeta karanga chini ya mwembe. Hatutataja jina lake wala kijiji chake, na mbele mtaona sababu. Alitupokea vizuri. Jina alitaja, umri alikadiria. Tulipofika kwenye mstari wa ukoo akanyamaza. Mwenzetu mmoja, mama mchangamfu na mwenye bidii kuliko sisi sote, akauliza tena. Mara ya tatu akaongeza utani kidogo: "Bibi, kila mtu ana kwao bwana!"

Bibi aliinuka, akachukua ungo wake, akaingia ndani na kufunga mlango. Hakusema neno la hasira. Sisi tukabaki nje na kalamu zetu. Jirani akatusogelea na kutunong'oneza: "Hao ni watu wa kuletwa. Msimsumbue."

Kwenye fomu tuliandika: "Hakutoa ushirikiano." Kwa maneno hayo mawili Bibi aliondolewa kwenye orodha ya paa.

2. BARABARA INAYOPITA MILANGONI MWETU

Ili tuelewe maneno "watu wa kuletwa", inatupasa kukumbuka barabara tunayoishi kando yake. Katika karne ya kumi na tisa njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, yaani hapa Tabora, na kuendelea mpaka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Urefu wake ni kama kilomita 1,200. Wazungu wa kwanza waliofika hapa, Burton na Speke, walikuja Novemba 1857 na kuwakuta wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wamekwisha kujenga matembe yao mahali palipoitwa Kaze. Mwaka 2006 nchi yetu iliipendekeza njia hii kwa UNESCO ili ifikiriwe kuwa urithi wa dunia, na Kwihara, kilomita chache tu kutoka mjini, imo katika maeneo yaliyotajwa.

Shuleni tulifundishwa kuhusu pembe za ndovu na minyororo. Tulifundishwa pia, na ni kweli, kwamba wapagazi wengi wa Kinyamwezi hawakuwa watumwa. Walikuwa watu huru waliobeba mizigo kwa ujira, wakajivunia kwenda pwani na kurudi. Mvulana asiyefika pwani hakuhesabiwa kuwa mwanaume kamili. Majumbani mwetu bado tunajivunia mababu hao.

Jambo ambalo halizungumzwi sana ni hili: ujira ule ulifanya nini uliporudi nyumbani? Mpagazi alilipwa kwa nguo, shanga na waya. Akifika kwake aliweza kununua majembe, ng'ombe, na wakati mwingine watu. Wanaume walipokuwa safarini miezi mingi, mashamba yalihitaji mikono. Kwa hiyo wengi wa walioletwa kutoka Manyema, Burundi na sehemu nyingine hawakupelekwa pwani. Walibaki hapa hapa Unyamwezi, na wengi wao walikuwa wanawake na wasichana. Walilima, wakapika, wakaolewa, wakazaa.

Zaidi ya mikono, mwanamke wa namna hiyo alikuwa na faida nyingine kwa aliyemnunua. Kwa desturi ya Wanyamwezi, mahari ndiyo iliyoonyesha watoto ni wa upande gani. Isipolipwa, watoto walihesabiwa upande wa mama. Lakini mwanamke aliyenunuliwa hakuwa na upande. Hakuwa na kaka wa kudai mahari wala mjomba wa kuwadai watoto. Akionewa, hakuwa na mahali pa kurudi. Watoto wake wote walikuwa wa mume, na yeye mwenyewe alikuwa wa nyumba ile mpaka kufa.

Mambo haya si ya zamani kama tunavyodhani. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini bara biashara iliendelea. Wajerumani walitoa amri mwaka 1904 kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 wawe huru. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Hesabu wenyewe: mama wa miaka themanini leo anaweza kuwa alilelewa na bibi ambaye alinunuliwa akiwa mtoto. Amekula mkononi mwake na kulala naye kitanda kimoja.

Na sheria ilipofuta utumwa, hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba kusema, "Wewe sasa una ukoo." Kina mama wale walikaa kimya. Wengi waliwafundisha watoto wao kujibu, "Sisi ni wa hapa hapa." Kwa kunyamaza waliwalinda watoto wao, na sisi tulikwenda na fomu kuwanyang'anya ulinzi huo.

3. HALIMA WA KWIHARA

Majina ya wanawake wa misafara yamehifadhiwa machache sana. Moja linatufaa katika somo hili. Ni jina la Halima, mpishi wa Daktari Livingstone.

Kila mwaka wageni huja Kwihara kuona tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872. Alifika hapo pamoja na Stanley mwezi Februari. Stanley akaondoka Machi kurudi pwani, na Livingstone akabaki mpaka Agosti akingoja wapagazi. Wageni huonyeshwa alama za wanaume hao wawili. Lakini nyumba ile ilikuwa na watu wengine, na chakula kilipikwa na Halima.

Yote tunayoyajua juu yake tumeyapata katika shajara ya Livingstone. Anaandika kwamba alimpata kutoka kwa mmoja wa wafanyabiashara wa misafara. Anamsifu sana: ni mwangalifu, ana akili, haibi wala hamruhusu mumewe kuiba, na tangu ampate hajawahi kumkaripia. Kisha anasimulia kisa kimoja kilichotokea Unyanyembe. Halima aligombana na mwanamke mwenzake wa msafara, Ntaoeka, akaondoka nyumbani. Livingstone akaanza kumtafuta. Baadaye Halima akarudi mwenyewe, lakini hakuingia. Alisimama nje. Alichotaka ni kimoja tu: Livingstone atoke nje amwambie aingie. Akatoka, akamwambia. Akaonywa asigombane tena, akapewa nguo nzito ya kujikinga na baridi. Livingstone akaandika kwamba wakifika Zanzibar atampa uhuru wake na kumnunulia nyumba yenye bustani.

Hawakufika pamoja. Livingstone alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, na mwili wake ukabebwa kupitia Tabora hadi pwani.

Tuzingatie mambo mawili. La kwanza, Livingstone alipiga vita biashara ya utumwa kwa maandishi yake yote. Hata hivyo alipikiwa na mama ambaye alimpata kwa wafanyabiashara wale wale na ambaye uhuru wake ulikuwa bado ni ahadi. Hatusemi hivi ili kumdharau. Tunasema ili tuone kwamba kwenye barabara hii hata mtu mwenye nia njema hakupita na mikono mikavu. Je, sisi na babu zetu?

La pili, tazameni alichoomba Halima. Hakuomba nguo. Hakuulizwa asili yake wala hakuisimulia. Aliomba mwenye nyumba atoke nje na amwambie maneno ya kumkaribisha, ili aingie kama mtu anayetakiwa. Kwa mwanamke asiye na kwao pengine, karibu ile ilikuwa jambo kubwa.

4. MWENZETU ALIVYOKWENDA KWAO

Turudi kwenye fomu yetu. Yule mwenzetu aliyeuliza mara tatu hakupata amani. Siku zote alikuwa akituambia kwamba wao ni wenyeji halisi, na kwamba babu wa baba yake alikuwa mpagazi mashuhuri aliyefika pwani mara nyingi. Akaamua kwenda kijijini kwao kumwona shangazi yake mkubwa na kumwuliza habari za ukoo, huku akidhani atarudi na orodha ndefu ya majina ya kutuonyesha.

Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwuliza, "Mwanangu, siku zote unauliza za watu. Leo umekuja kuuliza za kwenu?"

Alimweleza kwamba yule mpagazi mashuhuri, aliporudi safari mojawapo, alimnunua msichana kutoka upande wa Manyema kwa doti za kaniki. Msichana huyo ndiye aliyemzaa babu. Jina alilopewa na wazazi wake halikujulikana na mtu. Aliitwa jina la hapa. Alilima, akazeeka, akaheshimiwa kwa kiasi chake. Siku alipofariki, watu walipokusanyika msibani, hapakuwa na mtu wa upande wake wa kupewa pole. Ikabidi baadhi ya wakwe zake wakae mahali pa ndugu zake, ili desturi itimie. Shangazi alikuwa amesimuliwa hayo na mama yake, akaambiwa asiyaseme mbele ya watoto.

Mwenzetu alirudi akiwa kimya. Baada ya wiki mbili akatueleza katika kikao. Alisema jambo ambalo tumelikumbuka tangu siku hiyo. Alisema kuwa kitukuu wa aliyenunuliwa hakukumwumiza sana. Kilichomwumiza ni kuwa pia kitukuu wa aliyenunua. Wote wawili ni damu yake. Hawezi kumlilia mmoja bila kumtazama mwingine. "Nikijivunia safari za babu," alisema, "ninajivunia nini hasa?"

Basi kikao kile tuliacha ajenda. Mmoja baada ya mwingine tulianza kutaja tunayoyajua na tuliyokuwa tukiyakwepa: bibi ambaye hakuwahi kupelekwa kwao kusalimia, shamba ambalo hatukujua lilifunguliwa na mikono ya nani, jina la utani ambalo tulimwita mzee fulani tukiwa watoto, na sasa ndipo tukaelewa maana yake. Mmoja alisema kwao hawajui chochote, na tulikubaliana kwamba hilo nalo ni jibu. Kati ya watu tisa tuliokuwepo, hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika kwamba nyumba yao ilisimama upande mmoja tu wa barabara ile.

Tulijiuliza: tufanye nini na hayo? Hatuwezi kuungama kwa niaba ya marehemu. Hatuwezi pia kuwahukumu kana kwamba sisi tungekuwa bora katika nyakati zao. Lakini yako mambo tuliyoweza. Tuliweza kuacha kujivunia nusu ya habari. Tuliweza kuacha maneno "watu wa kuletwa". Na tuliweza kurudi kwa Bibi.

5. TULIVYORUDI KWA BIBI

Safari hii tulikwenda wawili tu, bila fomu. Mwenzetu alipiga hodi, akasalimia, "Mwangaluka, Bibi," akapiga goti. Aliomba radhi kwa utani wake. Kisha, kabla ya kuuliza lolote, akasimulia habari za mama yake babu: kaniki, jina lililopotea, na msiba usio na ndugu.

Bibi aliendelea kumenya karanga muda mrefu. Mwishowe akasema, "Kumbe na wewe." Akatukaribisha ndani.

Wasomaji wengine watapenda kujua Bibi alisimulia nini. Alisimulia kidogo sana, na hicho kidogo tumemwachia mwenyewe. Alichotaka kusema hasa hakikuhusu zamani. Mtoto wa kaka wa marehemu mumewe alikuwa ameanza kupima kiwanja na shamba lake, mpaka ule mwembe. Alikuwa akisema hadharani kwamba Bibi hana watu, kwa hiyo hana wa kumwuliza. Bibi alikuwa na hofu kwamba fomu yetu ni sehemu ya mpango huo huo. Tulipouliza mara tatu kuhusu ukoo, alisikia swali la mtu anayetaka kuhakikisha kwamba kweli hana mtetezi.

Hapo ndipo tulipoona uzito wa kosa letu. Katika kanda yetu tunajua yanayoweza kumpata mama mzee anayeishi peke yake, asiye na ndugu, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni. Neno moja la uvumi linaweza kumwita mchawi, na wapo waliouawa kwa neno hilo. Kumtangaza mama wa namna hiyo kuwa "hana kwao" ni kuondoa ukuta wa mwisho wa nyumba yake.

Tulichofanya baadaye kilikuwa cha kawaida. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inasema mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Tulimsindikiza Bibi mbele ya Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo kisheria lina wajumbe saba, na watatu kati yao ni wanawake. Baraza hilo kazi yake ni kusuluhisha. Hakuna aliyeuliza ukoo. Waliuliza nani amelima hapa, na tangu lini. Mashahidi walikuwa majirani, na wa kwanza kusimama alikuwa yule yule aliyetunong'oneza. Alisema amemwona Bibi akilima pale tangu alipoolewa.

Usuluhishi ulikubaliwa: Bibi abaki na kiwanja, shamba na mwembe. Maombi ya hati ya hakimiliki ya kimila yamepelekwa na bado yanashughulikiwa. Kijana yule hajafurahi, na tunaendelea kumtembelea yeye pia, kwani naye ni wa parokia. Paa limetengenezwa.

6. NENO LA MUNGU

Someni Mwanzo 16:1-16. Hagari ni mtumishi Mmisri katika nyumba ya Abramu na Sarai. Sarai anamtoa kwa mumewe ili amzalie mtoto, kisha anamtesa, na Hagari anakimbilia jangwani. Malaika anamkuta kwenye chemchemi, njiani. Katika habari nzima Abramu na Sarai humwita tu mjakazi. Malaika ndiye wa kwanza kumwita kwa jina lake. Kisha anamwuliza anatoka wapi na anakwenda wapi.

Hilo ni karibu swali lile lile la fomu yetu. Tofauti ni nini? Malaika anauliza akiwa amemfuata alipo. Anauliza pia anakokwenda, si anakotoka tu. Tena hamwachi bila ahadi. Hagari anampa Mungu jina: Mungu anionaye. Aliona kwamba ameonekana, na hakujiona amechunguzwa.

Ni kweli pia kwamba malaika alimrudisha kwa bibi yake, na neno hilo ni gumu. Msiliruke. Liulizeni kwenye kikundi, hasa kina mama, na wapeni nafasi wale wanaoliona gumu.

Kisha someni Mathayo 1:1-6. Katika orodha ya mababu wa Bwana wetu, Mwinjili ametaja Tamari, Rahabu, Ruthu na mke wa Uria. Rahabu na Ruthu ni wageni, na Tamari na mke wa Uria wana habari ambazo familia nyingi zingezificha. Angeweza kuwaruka. Amewaandika pamoja na wanaume waliowatendea mema na mabaya, na kutoka katika ukoo huo akazaliwa Mwokozi.

7. HISTORIA NI YA NANI?

Tunaye mtakatifu wa kutusaidia hapa, ingawa hakutoka kwetu. Mtakatifu Yosefina Bakhita alizaliwa Darfur, Sudan, karibu mwaka 1869, akaibwa akiwa mtoto mdogo. Hofu ilimsahaulisha jina lake la kuzaliwa. "Bakhita", maana yake mwenye bahati, ni jina alilopewa na waliomteka. Baadaye alifika Italia, akawa huru, akawa mtawa. Habari za maisha yake alimsimulia mtawa mwenzake mwaka 1910, na kitabu kilitoka mwaka 1931. Alifariki mwaka 1947 na kutangazwa mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000.

Angalieni miaka hiyo. Ilipita miaka mingi ya kuishi pamoja katika utawa, kwa mkate mmoja na sala moja, ndipo habari ikaandikwa. Mama hasimulii kwa mtu aliyekuja mchana mmoja na gari.

Tarehe 8 Februari, sikukuu ya Bakhita, ni siku ya kuombea waathirika wa biashara ya binadamu. Tunapendekeza parokia ziitumie siku hiyo kwa somo hili.

8. MAMBO YA KUZINGATIA

Kwa kamati za parokia:
- Futeni kwenye fomu mistari ya kabila na ukoo. Ya kutosha ni jina, mahali anapokaa, hitaji lake, na mtu anayemwamini.
- Kabla ya kumtembelea mtu, kila mjumbe akae kwanza na wazee wa kwao na kuuliza habari za nyumba yake mwenyewe, hasa za kina mama.
- Msimlazimishe mzee wenu kusema. Akinyamaza, mshukuruni.
- Mama akisimulia, msiandike mbele yake, na msisimulie kwa mwingine bila ruhusa yake. Ruhusa ya leo inaweza kuondolewa kesho.
- Mwulizeni anakokwenda: anahitaji nini sasa, anaogopa nini, nani anamwonea.
- Mama asiye na ndugu, kamati iwe ndugu zake mbele ya baraza, hospitalini na msibani. Mtu wa parokia asikose wa kupewa pole kwa ajili yake.

Kwa wafadhili wetu:
Tunawashukuru kwa mapaa, na tunajua mnapenda kusoma habari za watu waliosaidiwa. Ni haki yenu kujua fedha zimefanya nini, na hesabu tutawaletea daima. Lakini tunaomba mtuvumilie tusipoleta picha ya uso wala jina la kijiji. Kwenye barabara hii wanawake wengi walihesabiwa na kuandikwa na watu wengine. Tungependa Bibi huyu abaki na jina lake mkononi mwake.

9. MASWALI YA KUJADILI

1. Katika familia yako, ni mwanamke gani ambaye habari zake hazisimuliwi? Huna haja ya kumtaja kwa sauti.
2. Ni maneno gani tunayotumia kijijini kwetu yanayomaanisha "huyu si wa hapa"? Nani huumia akiyasikia?
3. Halima alisimama nje akingoja kukaribishwa. Katika parokia yetu nani amesimama nje? Nani anapaswa kutoka?
4. Je, tumewahi kuandika "hakutoa ushirikiano" juu ya mtu? Alikuwa anajilinda na nini?
5. Kamati yetu itafanya jambo gani moja kabla ya toleo lijalo?

SALA YA KUMALIZIA

Ee Mungu unayetuona, ulimkuta Hagari njiani ukamwita kwa jina. Uwakumbuke mama zetu waliopita barabara hii bila kurudi, ambao majina yao unayajua wewe peke yako. Uwahurumie waliowanunua, kwa maana nao ni babu zetu. Utujalie kuipokea historia yetu yote bila kiburi na bila aibu, na tukiona mtu amesimama mlangoni, tutoke nje tumwambie, karibu ndani. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Wapendwa, tutafurahi kupokea taarifa za jinsi somo lilivyokwenda katika parokia zenu. Tunaomba tu msituandikie majina.